Jogoo wa Kaloleni na Kayamba Lililofichwa

Paukwa!

Pakawa!

Safi sana, wanangu. Mmeitikia vizuri. Sasa sogeeni kidogo, yule aliye nyuma naye apate mahali pa kukaa. Leo nawasimulia habari za jogoo mmoja wa Kaloleni. Jogoo huyo alikuwa na swali moja tu. Alilala nalo, akaamka nalo. Kila aliyepita mbele yake aliulizwa: wewe ni nani?

Mnaijua Kaloleni? Wengine wenu mmezaliwa huko. Wengine mmeiona kupitia dirisha la matatu, mkipita Jogoo Road kwenda mjini. Ni mtaa wa Nairobi, wa nyumba za mawe, nyumba fupi zenye mapaa ya vigae. Zilijengwa miaka ya 1940, Waingereza wakitawala, na baadhi ya mikono iliyozijenga ilikuwa ya wafungwa wa vita, Waitaliano waliotekwa. Kati ya nyumba na nyumba kuna uwanja. Kuna miti. Kuna kamba za nguo. Kuna zahanati, kuna maktaba, na kuna ule ukumbi mkubwa wa mikutano. Na watoto! Watoto wamejaa tele.

Jogoo wetu aliishi nyuma ya nyumba ya nyanya mmoja. Nyanya alikuwa na mjukuu, msichana wa gredi ya tano, macho makali, miguu miepesi. Jina lake silitaji. Alikosa, akasamehewa, na kosa lililosamehewa halina haja ya jina.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kesho yake watoto wa shule ya Jumapili wangeimba mbele ya kanisa zima. Msichana alitamani sana kuongoza wimbo. Alijifunza maneno yote. Aliimba akiosha vyombo, akaimba akienda dukani. Lakini mwalimu alimchagua nani? Alimchagua rafiki yake. Rafiki yake wa karibu kabisa, wa nyumba ya tatu.

Msichana hakusema neno. Alicheka na wenzake, akampongeza rafiki. Kisha akabeba kayamba la darasa, maana ilikuwa zamu yake kulitunza. Akafika nyumbani. Akatazama huku, akatazama kule. Akalificha nyuma ya mitungi ya maji.

“Wimbo ule bila kayamba haunogi,” alijiambia. “Tuone kesho ataongoza nini.”

Kokorikooo!

Jogoo alikuwa juu ya ukuta. Alikuwa ameona yote.

“Wewe ni nani?” akauliza jogoo.

“Si unanijua? Mimi ni mjukuu wa nyanya.”

“Hiyo ni habari ya nyanya. Wewe ni nani?”

“Mimi ni wa gredi ya tano.”

“Hilo ni darasa. Wewe ni nani?”

“Mimi ni mwimbaji wa kanisani. Namtumikia Mungu kwa kuimba.”

“Ahaa,” akasema jogoo. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama majogoo wanavyofanya. “Na kile kilicho nyuma ya mitungi, kinamtumikia nani?”

Msichana akanyamaza.

Namwona mmoja wenu amenyoosha mkono. Sema, mwanangu. “Mjomba, kwani jogoo huongea?” Swali zuri! Mtoto anayeuliza hivyo anasikiliza kwa masikio yote mawili. Katika hadithi, jogoo huongea apendavyo. Lakini katika Biblia yumo jogoo ambaye hakusema neno hata moja. Aliwika tu, na mtu mzima akatoka nje akalia. Jogoo wa Kaloleni aliijua habari hiyo vizuri, maana kwao ni habari ya ukoo. Basi akamsimulia msichana hivi:

“Babu yetu wa zamani sana aliishi Yerusalemu. Usiku mmoja wa baridi alimwona mvuvi anaota moto uani kwa kuhani mkuu. Mvuvi huyo aliitwa Petro.”

“Namjua Petro,” akasema msichana.

“Wewe unamjua. Yeye mwenyewe usiku ule alikuwa bado hajajijua. Mapema jioni ile, wakiwa pamoja, Petro alimwambia Yesu kwamba hata wengine wote wakimkimbia, yeye hatakimbia. Aliapa! Je, alikuwa anadanganya?”

“Ndiyo, alidanganya. Si alikimbia?”

“Hapana. Hakudanganya. Aliamini kabisa maneno yake. Ila alikuwa anamsemea Petro ambaye hayupo. Petro shujaa, Petro asiyeogopa. Petro mwoga alikuwa ndani kabisa, amejikunyata, na Petro hakuwa na habari naye. Yesu tayari alimjua. Alimwambia kabla jogoo hajawika utanikana mara tatu. Petro akakataa katakata.

“Basi pale motoni akaja kijakazi. Akamtazama Petro, akasema huyu alikuwa na Yesu. Petro akasema simjui. Mara ya pili akaulizwa. Simjui! Mara ya tatu akaulizwa. Simjui! Hapo babu yetu akawika. Luka ameandika kwamba Yesu aligeuka akamtazama Petro. Petro akatoka nje. Akalia sana.”

Msichana alikuwa amekaa chini sasa, mgongo ukutani. “Babu yako alimfanyia vibaya,” akasema.

“Alimfanyia vibaya? Babu hakumtia Petro woga. Woga ulikuwemo. Babu alimwamsha tu.”

Wanangu, hapo nataka tusimame kidogo, maana hapo ndipo penye uzito. Watu wengi wakisikia neno kujijua, hufikiri ni kujitazama kwenye kioo na kusema mimi ni mzuri, mimi ni hodari. Wengine hufikiri ni kujitazama na kusema mimi si kitu. Petro alianza na la kwanza. Usiku ule angeweza kuanguka kwenye la pili. Lakini sikilizeni kilichofuata.

Baada ya Yesu kufufuka, alikwenda ufuoni mwa Ziwa la Galilaya asubuhi. Petro na wenzake walikuwa wamevua usiku kucha. Walipofika pwani, wakakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Wakala. Baada ya kula, Yesu akamuuliza Petro kama anampenda kuliko hawa wengine. Mnakumbuka Petro wa zamani? Angejibu upesi: ndiyo, kuliko wote! Petro huyu hakuapa. Hakujipima na mtu. Alisema tu kwamba anampenda, na kwamba Bwana anajua. Akaulizwa mara tatu, sawasawa na zile mara tatu alizokana. Na kila alipojibu, alipewa kazi. Lisha wana-kondoo wangu. Chunga kondoo wangu. Kazi hiyo hakupewa usiku ule alipojisifu. Alipewa baada ya kujua kwamba yeye ni mtu anayeweza kuogopa.

“Mjomba, na Yuda je? Si naye alijuta?” Eh! Nani ameuliza hilo? Njoo nikushike mkono. Hilo ni swali ambalo hata watu wazima hulipita. Ndiyo, Yuda alijuta. Alivirudisha vile vipande 30 vya fedha. Lakini alivirudisha kwa makuhani. Kwa Yesu hakurudi. Petro, pamoja na aibu yake yote, alibaki karibu na wenzake. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwepo ziwani. Kuliona kosa lako ukiwa peke yako ni mzigo mzito mno, mwanangu. Usiubebe peke yako. Rudi kwa Yesu, na urudi kwa watu wanaokupenda.

Turudi Kaloleni.

Msichana aliposikia habari ya Petro, aliinuka akasema, “Basi mimi ni mbaya. Nina wivu. Sifai kuimba. Kesho siendi kanisani.”

Nyanya alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia. Nyanya huwa wanasikia. Akaja taratibu mpaka kwenye mitungi, akautoa wa mwisho, ule wa manjano, na nyuma yake kayamba likaonekana. Hakulitazama. Alifungua kifuniko cha mtungi, akamwita mjukuu.

“Nusa.”

Msichana akanusa. “Mafuta ya taa!”

“Kwa nje ukoje?”

“Kwa nje ni safi. Unang’aa.”

“Nikitia maji humu nikampikia mgeni chai?”

“Atatema, Nyanya!”

“Na maji yatakuwa na kosa gani?”

“Maji hayana kosa. Mtungi ndio unanuka.”

“Sasa niutupe?”

Msichana akafikiri. Mtungi ni pesa. Siku ya maji kukatika, mtungi mmoja ni mali. “Usiutupe, Nyanya. Tuuoshe.”

“Sisi tuuoshe? Hauwezi kujiosha wenyewe?”

“Mtungi utajioshaje?”

Nyanya akacheka mpaka akashika ukuta. “Umesema mwenyewe. Mtungi hauwezi kujiosha. Kazi yake ni kufunguliwa tu. Ukikaza kifuniko, hakuna atakayeingiza maji ya moto wala sabuni. Wimbo wako ni maji mazuri, mjukuu wangu. Unataka kumpa Mungu kesho. Leo fungua kifuniko.”

Wanangu, mtungi wa nyanya umenirahisishia kazi. Mngeniuliza kujijua kunahusu nini na kumwabudu Mungu, ningewajibu kwa maneno marefu, mkasinzia. Nyanya amemaliza kwa kunusa. Anayesema mimi sina harufu yoyote, amekaza kifuniko. Anayesema mimi nanuka basi nitupwe, amesahau kwamba yuko anayeosha. Wa tatu hufungua, husema ukweli, huoshwa, kisha hujazwa maji akanywesha watu.

Lakini msichana alikuwa na swali bado. Watoto wa Kaloleni hawakosi swali.

“Nyanya, na wewe una makosa?”

“Jana tu nimeungama.”

“Uliungama nini?”

“Jirani alikuja kuomba sukari. Nikamwambia imekwisha. Haikuwa imekwisha.”

Msichana akafungua mdomo. Nyanya! Nyanya wa kanzu nyeupe na kilemba cheupe, nyanya wa kusali alfajiri!

Sasa niwaeleze habari ya kanzu ile. Nyanya wetu ni wa kanisa la African Israel Nineveh. Mmewaona wakipita mitaani, wamevaa nyeupe, wana bendera, wana ngoma, wanaimba na kucheza huku wanatembea. Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1942 na Daudi Zakayo Kivuli, kule magharibi mwa Kenya, na makao yake yakaitwa Nineveh. Mnaukumbuka mji wa Ninawi katika kitabu cha Yona? Ni mji ambao watu wake wote waliona makosa yao, kuanzia mfalme mpaka mtu wa chini, wakatubu, Mungu akawahurumia. Katika kanisa hilo Ijumaa ni siku takatifu, na kuungama waziwazi ni sehemu ya ibada. Mtu anasema kosa lake, kisha anaimba. Mimi nikiwatazama wanavyocheza nyuma ya bendera, naelewa kwa nini miguu yao ni miepesi.

“Mjomba, ni wao tu wanaoungama?” La hasha. Ingia kanisa lolote la mitaa yetu hii ya Eastlands Jumapili asubuhi, utaona jambo hilo hilo kwa sura mbalimbali. Ukiingia kwa Wakatoliki, Misa ikianza tu, watu wanaungama pamoja na kujipiga kifua. Ukiingia kwa Waanglikana, kama pale Mtakatifu Stefano kwenye Jogoo Road, kuna sala ya kukiri dhambi ambayo mkubwa na mdogo huisema kwa pamoja, askofu akiwepo naye anaisema. Askofu! Hakuna anayeambiwa wewe ni mkubwa, ruka hapo.

Nimemtaja askofu, basi nimtaje mmoja niliyempenda kwa habari zake. Festo Kivengere. Alizaliwa Kigezi, Uganda, mwaka 1919, akawa mwalimu, akafundisha miaka mingi Dodoma, na mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Alikuwa mtu wa Uamsho, ule moto wa imani uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, ukaingia Tanganyika. Watu wa Uamsho waliitana ndugu. Walikutana, wakaambiana ukweli juu ya maisha yao bila kuficha, wakaita jambo hilo kutembea nuruni. Mwizi alirudisha alichoiba. Waliogombana walipatana. Halafu wakaimba Tukutendereza, Mganda na Mkikuyu na Mluo na Mgogo, wote wimbo mmoja.

Kivengere alipookoka akiwa kijana, moyoni alikuwa na chuki juu ya Mzungu mmoja. Alifanya nini? Alipanda baiskeli. Akaenda mwendo mrefu mpaka kwa yule Mzungu, akamwambia nilikuchukia, na sasa nimekuja tupatane. Hebu fikirini jasho lile! Hakungoja yule mwingine aje kwanza.

Na kuna habari nyingine aliyopenda kuisimulia mwenyewe. Siku moja, akiwa tayari mhubiri anayejulikana, alikosana na mkewe, Mera. Saa ya kwenda kuhubiri ikafika. Watu walikuwa wanamngoja. Akaanza safari. Lakini moyoni alisikia Bwana anamwambia arudi, akapatane na mkewe kwanza. Akajitetea: Bwana, watu wananisubiri, muda umekwisha! Akasikia jibu: basi wewe nenda kahubiri, mimi nitabaki na mkeo.

Mmelielewa jibu hilo? Angehubiri, ndiyo. Lakini angehubiri peke yake. Kivengere alirudi nyumbani. Akaomba msamaha. Ndipo akaenda kuhubiri.

Na mtu huyo huyo, mwaka 1977, wakati Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa katika utawala wa Idi Amin, alikimbia Uganda usiku na Mera wake, kwa miguu, wakavuka milima mpaka Rwanda. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake ambacho jina lake tu lilishangaza dunia, kwa sababu kilisema anampenda Idi Amin. Angewezaje kumsamehe adui mkubwa hivyo, kama hangekuwa amezoea kuomba msamaha jikoni kwake? Alifariki hapa Nairobi mwaka 1988.

Sasa namwona mmoja ana wasiwasi. “Mjomba, lazima nisimame mbele ya watu wote niseme makosa yangu?” Hapana, mwanangu. Tulia. Makanisa yana taratibu mbalimbali, nawe ufuate ya kwenu. Lakini mtoto aanze na wawili: Mungu, na yule uliyemkosea. Hao wanatosha. Na jambo jingine nalisema polepole ili kila mtu alisikie. Kama mtu mkubwa amekutendea ubaya, hilo si kosa lako. Hilo hata usilihesabu miongoni mwa makosa yako. Nenda ukamwambie mzazi, au mwalimu, au mtu mzima unayemwamini, na kama wa kwanza hakusikia, mwambie wa pili. Kujijua ni pamoja na kujua lipi si lako.

Nina kisa kingine kifupi, cha Mwafrika mwenzetu wa zamani. Aliitwa Agostino. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mahali ambapo leo ni nchi ya Algeria. Alipokuwa kijana wa miaka 16, yeye na wenzake waliingia usiku kwenye shamba la mtu wakaangusha peasi. Je, walikuwa na njaa? Hapana. Zilikuwa tamu? Nyumbani kwao kulikuwa na tamu zaidi. Wakazitupia nguruwe. Miaka ikapita, Agostino akawa askofu, akaandika kitabu kizima cha kumwungamia Mungu maisha yake, na katika kitabu hicho akazirudia zile peasi. Alizigeuza na kuzigeuza. Kwa nini niliiba? Akagundua jambo: kama angekuwa peke yake, asingeiba. Aliiba ili asionekane mwoga mbele ya wenzake.

Peasi tu! Mtu ataona ajabu: askofu mzima anahangaika na peasi za utotoni? Mimi sioni ajabu. Ukijua kwamba kundi linakusukuma, siku nyingine utajua pa kusimama. Na Agostino aliwatumikia watu wa Hippo kwa zaidi ya miaka 30 mpaka alipofariki mwaka 430, mji ukiwa umezingirwa na maadui.

Haya, kayamba letu! Liko wapi?

Msichana alilichukua. Akatoka. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akabisha. Rafiki yake akafungua. Msichana akasema yote kwa pumzi moja: nilikuonea wivu, nililificha hili, nilitaka wimbo ukuharibikie, nisamehe.

Mnadhani rafiki alimkumbatia papo hapo? Hapana. Alilichukua kayamba, akafunga mlango.

Ndiyo. Hivyo ndivyo inavyokuwa wakati mwingine, na sitaki mshangae siku ikiwatokea. Msichana alirudi akilia kidogo. Jogoo hakuwika. Nyanya alimpa chai, chai ya maji safi, akamwambia, “Wewe umefungua kwako. Kifuniko cha mwenzako si mali yako. Ngoja.”

Jioni mlango ukabishwa. Alikuwa rafiki. “Nani atapiga kayamba kesho?” akauliza. “Mimi siwezi kuongoza na kupiga kwa pamoja. Njoo tujaribu.”

Wakajaribu mpaka giza likaingia.

Lakini hadithi haijaisha, maana kujijua kuna upande wa pili, na huo watu wengi huusahau. Hujui tu harufu iliyo ndani ya mtungi. Unajua pia mtungi unaingia maji kiasi gani. Mungu amekupa kitu. Ni nini?

Msichana alidhani kitu chake ni kuongoza wimbo. Jumapili ile, wakielekea kanisani, walipita nyumba ya mzee mmoja ambaye macho yake yamefifia. Watoto wote walimpita mbio. Msichana alisimama. Akamwambia, “Babu, hapa kuna mtaro, inua mguu.” Akamshika mkono mpaka kanisani, akamkalisha karibu na spika ili asikie. Halafu akakumbuka kwamba mama mmoja aliyeketi nyuma hakuwepo Jumapili iliyopita, akaenda kumuuliza kama amepona. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa akifanya hivyo kila Jumapili, wala hakujua kwamba hicho ni kipawa. Alidhani kila mtu huona anayoyaona yeye.

Mwalimu wake ndiye aliyemwambia baada ya ibada. “Wewe una macho ya kuwaona watu. Nataka uwe msaidizi wangu, tuwe tunawatembelea wazee wa mtaa.” Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, wanangu. Kosa letu tunalijua sisi kwanza. Kipawa chetu hujulikana na wengine kwanza. Kwa hiyo msiogope kuuliza mama, baba, mwalimu: mimi nafaa nini?

“Mjomba, lakini kusimama mbele si ndiko kukubwa?” Nilijua mtauliza. Kumbukeni ule ukumbi wa Kaloleni. Tarehe 23 Aprili 1950 alisimama humo Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, akadai mbele ya umati uhuru kamili wa nchi zetu. Mwezi uliofuata akakamatwa, akazuiliwa miaka 11. Alikuwa na sauti ya kusema mbele ya watu, na alilipia sauti hiyo. Sauti ya namna hiyo ni kipawa, na mwenye nacho asikifiche. Ila ukumbi haujifagii. Wagonjwa hawajitembelei. Mzee asiyeona mtaro hasaidiwi na wimbo mzuri kama hakufika kanisani. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni mmoja na viungo ni vingi, jicho haliwezi kuuambia mkono sina haja nawe. Kwa hiyo sikubali mtoto yeyote aniambie kwamba kumshika mzee mkono ni ibada ndogo. Kwangu ni ibada kamili.

Rafiki aliongoza wimbo, na aliongoza vizuri sana. Msichana alipiga kayamba, na kanisa lote likasimama.

Nanyi mnaonisikiliza, nina ombi. Leo usiku kabla ya kulala, mwombe Mungu akuonyeshe mambo mawili: jambo moja ndani yako la kuoshwa, na jambo moja alilokupa la kuwapa wengine. Mawili tu, yanatosha kwa usiku mmoja. La kwanza likimhusu mtu, nenda kwake kesho asubuhi kabla ya shule. La pili lianze nyumbani, kwa nyanya, kwa mdogo wako, kwa jirani wa mlango wa pili. Usingoje Jumapili.